Ngazi ya Mmoja, Siti za Wawili: Mwongozo Kamili wa Kupanda Daraja Ndegeni kwa Mume na Mke

Programu za wasafiri wa mara kwa mara zilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye begi moja. Akaunti ina jina moja, ngazi (cheo chako kwenye programu) inafungamana na pasipoti moja, na kompyuta ya shirika inapotafuta wa kumpandisha daraja humtafuta abiria, haitafuti ndoa. Ndiyo maana kuna nyumba nyingi zenye kadi mbili zisizofika popote: mume ana ngazi ya chini kwenye shirika moja, mke ana ngazi ya chini kwenye jingine, na wakisafiri pamoja wote wawili wanapanga foleni ndefu ileile.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupanga mambo ili faida za mmoja ziwabebe wawili, na jinsi ya kupata siti za daraja la biashara mkiwa pamoja bila kulipa nauli yake kamili. Mifano ni ya njia zinazotumiwa sana na watu wa Afrika Mashariki: Nairobi kwenda Amsterdam na London, Dar es Salaam kwenda Dubai, na Entebbe kwenda London. Mashirika hubadilisha kanuni, kwa hiyo fungueni ukurasa wa shirika lenu siku ya kununua tiketi mhakikishe viwango.

## Tenganisheni maili na ngazi

Kila programu ina hesabu mbili zinazokwenda sambamba, na wengi huzichanganya.

Hesabu ya kwanza ni ya kutumia. Emirates na flydubai, ambazo zote zinatumia programu moja ya Skywards, wanaziita Skywards Miles. Qatar Airways na British Airways wanatumia Avios. Air France na KLM, kupitia Flying Blue, wanaziita Miles. Hizi ni kama fedha: mnazikusanya, mnazitumia, zinaisha.

Hesabu ya pili ni ya kupanda ngazi. Skywards wana Tier Miles, Qatar Airways wana Qpoints, Flying Blue wana XP. Hizi hazinunui kitu. Kazi yake ni kuamua kama wewe ni Silver, Gold au Platinum.

Tofauti yake kwa wenza ni kubwa. Hesabu ya kwanza mnaweza kuichangia pamoja, na programu nyingi zina akaunti ya familia kwa kazi hiyo. Hesabu ya pili haichangiwi. XP za mke haziongezwi kwenye za mume hata kama mnalala nyumba moja na kulipia tiketi kwa kadi moja. Kila kinachofuata kinatokana na hapo: maili ziende chungu kimoja, ngazi apewe mmoja.

Kuna wanaodhani anayelipa ndiye anayepata. Siyo. Mume akimnunulia mke tiketi, pointi za ngazi huenda kwa mke aliyekaa kwenye siti. Hata British Airways, ambao tangu Aprili 2025 wanahesabu ngazi kwa fedha zilizotumika (pointi 1 kwa kila pauni 1 ya nauli na ada za shirika, bila kodi za serikali), humpa pointi msafiri na si mwenye kadi ya benki.

## Hatua ya 1: Hesabuni safari za miezi 12 ijayo

Chukueni karatasi, mwandike safari zote za ndege za kila mmoja kwa mwaka unaokuja: za kikazi, za harusi na misiba, za likizo, za kwenda kuona watoto. Wekeni alama kwenye zile mtakazosafiri pamoja. Halafu hesabuni.

Tuchukue Flying Blue, maana hesabu yake iko wazi. XP hutolewa kwa kila ndege kulingana na umbali na daraja. Nairobi hadi Amsterdam ni zaidi ya maili 4,000, kwa hiyo iko kwenye kundi la maili 3,500 hadi 5,000: XP 10 daraja la kawaida, 20 daraja la kati, 30 daraja la biashara. Amsterdam hadi London ni safari fupi ya kimataifa: XP 5 daraja la kawaida, 15 biashara. Kwenda na kurudi Nairobi–London kupitia Amsterdam ni XP 30 kwa daraja la kawaida, au 90 kwa biashara.

Silver inataka XP 100 ndani ya miezi 12. Hizo ni safari 4 za daraja la kawaida. Ukishafika, 100 hukatwa, zilizozidi hubaki kwenye akaunti, na miezi 12 mingine huanza. Gold inataka XP 180 katika kipindi hicho kipya. Aliyeanzia chini kabisa kwa njia hii atahitaji safari 10 za daraja la kawaida kufika Gold: 4 za kwanza kwa Silver, kisha 6 zaidi.

Sasa tuseme mke husafiri kikazi kwenda London mara 3 kwa mwaka, mume mara 1, na mara 1 wanakwenda wote. Mke ana safari 4, XP 120, yaani Silver na akiba ya 20. Mume ana XP 60, yaani hana kitu. Watu hukosea hapa kwa kuanza kumtafutia mume safari za kumfikisha 100. Hana haja nayo. Juhudi zote ziende kumvusha mke hadi Gold, kwa sababu tutakayoieleza kwenye hatua ya 2.

Kama karatasi yenu ina safari moja au mbili tu za daraja la kawaida kwa mwaka, acheni kabisa kufukuza ngazi. Hamtaifikia, na mkilazimisha mtajikuta mnanunua tiketi ghali ya shirika "lenu" wakati shirika jingine lina ndege ya moja kwa moja kwa bei nafuu. Kusanyeni maili tu, mnunue tiketi kwa bei na saa nzuri, kisha mruke hadi hatua ya 6, ambako ndiko faida yenu iliko.

Kama mmoja wenu ananunuliwa tiketi za biashara na mwajiri, mjadala umekwisha: huyo ndiye wa kupewa ngazi.

## Hatua ya 2: Tafuteni ngazi inayobeba watu wawili

Swali la kuuliza kuhusu ngazi yoyote ni moja: mwenzangu anaingia au anabaki nje?

Emirates Silver inamfungulia mwanachama launji (ukumbi wa kupumzikia) ya biashara uwanjani Dubai, lakini yeye peke yake. Gold inamruhusu kuingia na mgeni mmoja. Kwa msafiri wa peke yake Silver ni kitu. Kwa mume na mke ni chanzo cha ugomvi wa saa nne pale Dubai.

Mashirika yaliyo kwenye miungano mikubwa, yaani vikundi vya mashirika yanayotambuana ngazi, yanafuata mpangilio unaofanana. SkyTeam, ambako Kenya Airways ni mwanachama kamili tangu 2010 pamoja na KLM na Air France, ina Elite na Elite Plus. Silver ya Flying Blue ni Elite: foleni ya kipaumbele, hakuna launji. Gold ni Elite Plus: launji pamoja na mgeni mmoja kwenye safari za kimataifa, na begi la ziada. Star Alliance, walipo Ethiopian Airlines, Turkish Airlines na EgyptAir, ina Silver isiyo na launji na Gold yenye launji na mgeni mmoja. Kwenye oneworld, wapo Qatar Airways, British Airways na, tangu 30 Juni 2025, Oman Air. Huko Ruby haina launji, na kuanzia Sapphire launji ipo kwa wawili. Qatar Airways wanatoa Silver kwa Qpoints 150, Gold kwa 300, Platinum kwa 600. Gold yao ndiyo Sapphire. Kwa British Airways, Sapphire ni Silver yao, pointi 7,500. Rangi ya kadi ni ileile, thamani ni tofauti, kwa hiyo msidanganywe na neno Silver.

Mgeni lazima awe anasafiri pia, kwa ndege ya shirika hilo au ya muungano wake, na pasi yake ya kupandia ndege itasomwa mlangoni. Si lazima muwe kwenye tiketi moja.

Emirates hawamo kwenye muungano wowote. Ngazi ya Skywards ni nzuri sana kwa familia inayopita Dubai kila mara, hasa kwa kuwa flydubai nao wanakwenda Zanzibar na Mombasa, lakini haiwasaidii chochote mkiwa na Kenya Airways au Ethiopian. Ngazi ya muungano inawafaa zaidi wanaobadilisha mashirika. Kwa wenza walioko Nairobi tungeelekea SkyTeam. Entebbe au Kigali hesabu inaweza kuangukia Star Alliance au oneworld kutegemea mnakwenda wapi. Muscat na Doha ni oneworld bila kufikiri mara mbili.

Neno kuhusu kuhamishiwa ngazi. Baadhi ya mashirika huangalia kadi yako ya mshindani wake na kukupa ngazi inayolingana kwa muda, bure au kwa malipo. Nafasi hiyo mara nyingi hutolewa mara moja tu. Msiitumie mwaka ambao mna safari moja. Iwekeni kwa mwaka wenye safari nyingi ili muweze kuitetea isishuke.

## Hatua ya 3: Fungueni chungu kimoja cha maili

Kila mmoja afungue akaunti yake kwanza, kwa jina lililo kwenye pasipoti, neno kwa neno. Hapa Afrika Mashariki tatizo ni majina matatu. Pasipoti inasema jina lako, la baba na la babu. Akaunti ulifungua kwa mawili. Tiketi wakala ameunganisha la kwanza na la pili likawa neno moja refu. Kuunganishwa kwenyewe si tatizo. Tatizo huanza jina la mwisho la tiketi lisipofanana na la akaunti, maili zikakosa pa kuingia. Mke aliyebadilisha jina baada ya ndoa abadilishe pasipoti kwanza, halafu akaunti, halafu ndipo anunue tiketi.

Kisha fungueni akaunti ya familia. Skywards wanaita My Family, na kila mwanafamilia huchagua asilimia ya maili zake iingie chunguni, hadi 100. Wekeni 100. Kwa British Airways mnaungana kwa anwani moja ya nyumbani, na mkitumia Avios hukatwa kwa kila mmoja kulingana na alichonacho. Angalieni pia kwamba mkishaungana hivyo mnabanwa ni nani mnaweza kumnunulia tiketi kwa Avios, hivyo kama mna mzazi wa kumleta, mwingizeni kwenye orodha mapema. Flying Blue na Qatar Airways nao wana vyungu vya familia.

Tarehe za kuisha zitazameni leo, si siku mnapozihitaji. Skywards Miles hudumu miaka 3. Maili za Flying Blue za mtu asiye na ngazi hufa baada ya miezi 24 bila safari inayokubalika.

## Hatua ya 4: Kununua tiketi

Nunueni kwenye bukingi moja. Faida nyingi za mwenye ngazi humfikia mwenzake kwa sababu majina yote mawili yako chini ya namba ileile ya bukingi yenye herufi sita: foleni ya kipaumbele, kukaa pamoja, kupangiwa ndege nyingine pamoja ikitokea imefutwa. Ubaya wa bukingi moja upo, na tutaufikia kwenye hatua ya 7.

Nauli ya bei ya chini kabisa ndiyo inayowanyima watu siti za mbele. Nauli ya Special ya Emirates kwenye daraja la kawaida haipandishwi kwa maili; inayofuata, Saver, inapandishwa. Tofauti ya bei kati ya nauli hizo mbili ni ndogo kuliko kugundua baadaye kwamba maili zenu 100,000 hazina kazi. Kabla ya kulipa, fungueni masharti ya nauli na mtafute mstari unaozungumzia kupanda daraja. Vivyo hivyo, biashara si moja: tiketi ya Business Lite ya Qatar Airways haina launji wala kuchagua siti bure, na wengi huishtukia uwanjani.

Angalieni pia maneno "inaendeshwa na". Tiketi inaweza kuwa na namba ya Kenya Airways lakini ndege ni ya KLM. Kuchagua siti, zabuni (kutaja bei mnayoweza kulipa ili mpande daraja, tazameni hatua ya 6) na malipo ya kupanda daraja hufanywa na anayeendesha ndege, na mara nyingi kwa namba yake ya bukingi ambayo si ile mliyopewa. Mwombeni wakala namba zote mbili.

Mkinunua kwa wakala, hakikisheni ameweka namba ya uanachama ya kila mmoja mahali pake. Kosa la kawaida ni namba ya mume kuwekwa kwa abiria wote wawili. Ya mke hukataliwa kimyakimya na maili zake hupotea. Mpeni pia barua pepe yenu na simu yenu, maana mwaliko wa zabuni hutumwa kwa anwani iliyo kwenye bukingi, na ikiwa ni ya wakala hamtauona.

## Hatua ya 5: Siti mkiwa bado daraja la kawaida

Mpango wa siti unategemea ndege. Airbus A330, kama A330-800 za Uganda Airlines zinazokwenda London au A330 za RwandAir, ina mpango wa 2-4-2 nyuma: chukueni jozi ya dirishani, hakuna mtu wa tatu. Boeing 787 za Kenya Airways na Air Tanzania ni 3-3-3. Hapo chagueni dirisha na ujia, muache ya katikati wazi. Siti ya katikati ndiyo ya mwisho kuchukuliwa. Ndege isipojaa mmepata siti tatu, na ikijaa, hakuna abiria atakayekataa kubadilishana nanyi akapata dirisha au ujia. Ujanja huu haufai ndege ikiwa karibu kujaa na mmoja wenu hapendi mazungumzo na wageni. Boeing 777 ni 3-4-3, na siti mbili za upande mmoja wa katikati zinatosha.

Kwenye daraja la biashara mpango una maana zaidi. Boeing 787-8 za Kenya Airways zina siti 30 za biashara kwa mpango wa 2-2-2, yaani mnakaa bega kwa bega. Ndege zenye 1-2-1 zinawapa kila mmoja ujia wake, lakini lazima mchague jozi ya katikati. Mkiachiwa kompyuta iwapangie, mmoja atakuwa dirisha la kushoto na mwingine la kulia, na mtakuwa mmelipa ili mtengane.

## Hatua ya 6: Njia nne za kupanda daraja, wote wawili

Kwa maili. Hii ndiyo njia bora kwa wenza kwa sababu chungu cha pamoja kinaweza kulipia siti mbili. Tafuteni nafasi mapema, mara tu mnapopata namba ya bukingi. Siti za kupandia kwa maili ni chache, na kupata mbili kwenye ndege moja ni kugumu kuliko kupata moja. Msipoziona, rudieni kutazama wiki mbili kabla, halafu siku tatu kabla, kisha asubuhi ya safari.

Msigawe maili sawasawa kwenda na kurudi. Ziwekeni zote kwenye usiku. Ndege za Nairobi kwenda Ulaya nyingi huondoka usiku na safari ni saa 8 hadi 9. Kulala mmejinyoosha hapo kuna thamani. Dar es Salaam–Dubai ni saa 5 na kidogo. Mkila chakula na kutazama filamu moja mmefika.

Na kama mnaanzia Uingereza kuna kodi. Serikali ya huko hutoza ushuru wa abiria wa anga kwa anayeondoka, na daraja lolote lililo juu ya la chini kabisa lina kiwango kikubwa. Kwa viwango vya kuanzia Aprili 2026, safari za umbali wa Nairobi au Tanzania ni pauni 102 daraja la kawaida na 244 madaraja ya juu. Tofauti ni 142 kwa mtu, 284 kwa wawili, na hutozwa hata mkipanda kwa maili. Hiyo ni sababu nyingine ya kupanda daraja mkitoka Nairobi kuliko mkitoka London.

Kwa zabuni. Kenya Airways na Ethiopian ni miongoni mwa mashirika yanayowaalika abiria kutaja bei wanayoweza kulipa ili wapande. Mnaingia kwa namba ya bukingi na jina la mwisho, mnasogeza kipimo, mnaweka kadi. Mambo matano ya kujua:

Kiasi mnachokiona ni cha mtu mmoja kwa ndege moja. Mkisogeza hadi dola 300, kadi itakatwa 600. Mkiwa na ndege mbili mfululizo, kila moja ina zabuni yake. Wekeni kwenye ndefu tu.

Zabuni hugusa kila aliye kwenye bukingi. Mnapanda wote au hapandi mtu. Kwa wenza hii ni faida, ingawa inapunguza nafasi ya kushinda siti zikibaki chache.

Kiwango cha chini kabisa ndicho kila mtu hukitaja. Ongezeni kidogo juu yake. Kikomo chenu kipatikane hivi: tazameni bei ya biashara leo kwa tarehe hiyohiyo, ondoeni mliyolipa, na msivuke nusu ya tofauti. Zaidi ya hapo ni bora kununua biashara yenyewe, maana itakuwa na masharti bora ya kubadilisha, na maili zake huhesabiwa kwa daraja hilo. Aliyepanda kwa zabuni kwa kawaida huhesabiwa kwa nauli ya mwanzo.

Jibu huja kati ya siku tatu na siku moja kabla ya safari, na kadi hukatwa hapohapo. Kadi pepe za simu na kadi za benki zenye kikomo cha siku ndizo huangusha watu: zabuni inakubaliwa, makato yanagoma, siti zinakwenda kwa mwingine. Acheni salio kamili la wawili hadi jibu lije.

Ikishakubaliwa haina kurudi. Someni kama mzigo na launji vimo, kwa kuwa si mashirika yote huvijumlisha.

Kwa fedha taslimu kaunta. Bei ya siku ya safari wakati mwingine huwa chini ya zabuni, hasa siku za katikati ya wiki nje ya msimu. Fikeni mapema, saa tatu kabla, meneja wa zamu akiwa hajaelemewa. Ulizeni kabla mizigo haijapita, kwa maneno mepesi: "Habari za kazi, dada. Leo kuna bei ya kupanda biashara kwa watu wawili? Kwa kila mmoja ni kiasi gani, na launji imo?" Hapo mmejibiwa maswali matatu kwa pumzi moja. Akisema iko siti moja tu, mwombeni awaandike wote na mrudi dirishani nusu saa kabla ya kufungwa kwa kaunta. Msitaje fungate. Wanaisikia kila siku.

Bure. Shirika hupandisha watu bure pale tu daraja la kawaida linapouzwa kupita idadi ya siti na mbele pakabaki wazi. Kompyuta huanza na wenye ngazi za juu na nauli ghali, na hupendelea aliye peke yake kwa sababu inatafuta siti moja. Suti na tabasamu havina sehemu kwenye orodha hiyo. Msipange safari kwa kuitegemea njia hii.

## Hatua ya 7: Siti ikiwa moja

Hili hutokea mara nyingi kuliko kupata mbili, na wenza wengi hulijadili kwa mara ya kwanza mbele ya kaunta. Lijadilini nyumbani.

Mkiwa bukingi moja, mifumo mingi hutafuta siti mbili. Ikikuta moja huwaruka na kumpa anayefuata. Mnaweza kumwomba mfanyakazi atenganishe bukingi. Inawezekana, lakini haiunganiki tena. Kuanzia hapo ninyi ni wasafiri wawili wasiojuana machoni pa mfumo: ndege ya kuunganisha ikifutwa, mmoja anaweza kupangiwa ya usiku na mwingine ya kesho. Ushauri wetu ni huu: tenganisheni tu kwenye ndege ya mwisho ya safari, ambapo hakuna tena cha kuharibika mbele.

Aliyebaki nyuma hataruhusiwa kuja kukaa mbele, na mhudumu ana haki ya kumrudisha. Aliyepanda anaweza kwenda nyuma kumtembelea. Kubadilishana katikati ya safari, mmoja alale mbele nusu ya usiku na mwingine nusu, kunategemea mkuu wa wahudumu, na wengi hukataa. Kama mmoja ana mimba, mgongo mbovu, au kikao saa tatu asubuhi, siti ni yake, hakuna mjadala.

## Mizigo

Kwenye mashirika yanayopima kwa uzito wa jumla, mkiwa bukingi moja kilo zenu hujumlishwa kwa kawaida, ilimradi begi moja lisipite kilo 32. Kwenye yanayohesabu mabegi, tuseme mawili ya kilo 23 kwa kila mtu, kilo hazijumlishwi: begi la 27 litatozwa hata kama la mwenzako lina 15. Pimeni nyumbani. Begi la ziada la mwenye ngazi huandikwa kwa jina lake, hivyo yeye ndiye awe wa kwanza kusogea kaunta.

## Kwa walioko Marekani

Huko kupandishwa bure kwenye safari za ndani ni haki ya wenye ngazi, na United na Delta humruhusu mwanachama kumjumuisha mwenza mmoja aliye kwenye bukingi moja naye. Orodha hufunguliwa saa kadhaa kabla ya safari kulingana na ngazi: Gold wa Delta ni saa 72 kabla, Silver saa 24. United wana jambo jingine la nadra: aliyesafiri nao maili milioni moja hupata ngazi ya Gold ya maisha, na mwenza wake aliyemtaja hupewa ngazi ileile hata kama hajawahi kusafiri peke yake.

## Baada ya safari

Tunzeni pasi zote mbili za kupandia ndege, za karatasi au picha za simu, mpaka maili zionekane kwenye akaunti zote mbili. Kwa shirika lenyewe ni siku chache. Kwa mshirika wa muungano inaweza kufika wiki kadhaa. Ya mmoja ikionekana na ya mwingine isionekane, tatizo ni jina au namba ya uanachama. Ombeni kwa fomu ya maili zilizokosekana mkiambatanisha pasi na namba ya tiketi yenye tarakimu 13, si namba ya bukingi ya herufi sita, na fanyeni hivyo ndani ya miezi 6.